Miezi mitatu ya kutulia: watawa wa Buddha wana la kuiambia Kigoma

Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza. Vipe vya kuvulia dagaa vilipandishwa mchangani, taa zikawekwa stoo, na chanja za kuanikia dagaa zikabaki tupu. Uamuzi huo haukuzuka tu. Desemba 2021 nchi nne zinazogawana ziwa hili, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kuchukua hatua za pamoja kunusuru samaki. Sababu zenyewe mwenye kipe anazijua kuliko ofisi yoyote: usiku mmoja wa kuvua hauleti tena kile ulichokuwa ukileta enzi za wazee, na migebuka wanaofika sokoni Mwanga, mjini Kigoma, wengi hawajakua. Wanasayansi nao walishasema tangu mwaka 2003 kwamba joto linapopanda, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha samaki kinapungua hata kabla wavu haujatupwa. Mjadala uliofuata, vijiweni hadi kwenye vikao vya halmashauri, ulihusu doria, faini, boti za askari na nani kakamatwa wapi. Ni mjadala wa lazima, lakini umeacha swali moja kubwa nje: watu huwezaje kujizuia kwa pamoja, kwa muda mrefu, wasifanye jambo ambalo kila mmoja wao peke yake ana sababu nzuri ya kulifanya usiku huu?

Wapo watu wanaolijibu swali hilo kwa vitendo kila mwaka, na wamefanya hivyo kwa takriban miaka 2,500. Ni watawa wa Buddha. Msimu wa mvua unapoanza Asia, kwa kawaida baada ya mwezi mpevu wa Julai, mtawa huacha safari na kukaa mahali pamoja kwa miezi mitatu. Anajifunza, anafanya taamuli, anawafundisha wanakijiji, na halali nje ya makazi aliyoyachagua ila kwa dharura inayotambuliwa na kanuni. Mwanzo wa desturi hiyo unasimuliwa katika vitabu vya kanuni za watawa, na ndio ulionivutia kuandika makala haya. Watawa wa awali kaskazini mwa India walikuwa wakitembea mwaka mzima, jua na mvua. Watu wa vijijini wakaanza kunung'unika: hata ndege hujenga viota na kutulia mvua zinaponyesha, lakini hawa wanapita wakikanyaga majani machanga na kuua vidudu visivyo na idadi. Manung'uniko yakamfikia Buddha, naye akaweka kanuni ya kukaa. Utulivu huu maarufu, ambao leo watu husafiri mbali na kulipa fedha nyingi kuutafuta, ulianza na malalamiko ya majirani. Aliyeuweka aliwasikiliza waliokuwa wanaumizwa na mwendo wa wengine.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Uangalifu wa nafsi, yaani ile hali ya mtu kujua anachokifanya wakati anapokifanya na kuona kinamgusa nani, ni kazi ya jamii kabla haijawa kazi ya mtu mmoja. Hulindwa kwa kalenda ya pamoja, kwa kanuni zinazojulikana na wote, na kwa majirani wenye ruhusa ya kukosoana. Kufunga ziwa kutakuwa na maana Kigoma siku kutakapoendeshwa kwa mtindo huo. Kukiendelea kuwa tangazo la wizara na boti ya doria, kila mwaka tutafunga, na kila mwaka tutashangaa kwa nini nyavu haramu zimelala majini.

Najua dini ya Buddha ni ngeni masikioni mwa wengi wetu, ingawa si ngeni kabisa nchini. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Ceylon, kisiwa tunachokiita leo Sri Lanka, mapema katika karne iliyopita, na hadi leo watawa wanaishi hapo na kufundisha taamuli. Uganda, karibu na Entebbe, kituo cha Kibuddha kilianzishwa mwaka 2005 na mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita. Kituo hicho hakikuishia kwenye mikeka ya taamuli. Kina pia shule ya watoto. Simwaliki mtu abadili dini. Naomba tu tuutazame utaratibu wao kama tunavyoweza kutazama namna jirani alivyojenga ghala lake, tukachukua kinachotufaa.

Lazima kwanza nitofautishe ninachokisema na kile kinachouzwa duniani kwa jina la uangalifu wa nafsi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianzisha mafunzo ya majuma manane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Aliyachota kwenye taamuli ya Kibuddha akaacha dini nyuma. Mafunzo hayo yakaenea hospitalini, kisha makampuni yakayachukua, na sasa yamo ndani ya programu za simu: mtu anavaa visikizio, anafumba macho dakika kumi, anarudi kazini. Siyabezi. Mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, yaliyochapishwa Marekani mwaka 2014, yalikuta kwamba mazoezi hayo husaidia kwa kiasi cha wastani kupunguza wasiwasi na sonona. Hiyo ni nafuu ya kweli kwa mgonjwa. Lakini Uingereza walipojaribu kuyafanya somo kwa vijana zaidi ya 8,000 shuleni, matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kwamba waliofundishwa hawakuwa na afya bora ya akili kuliko waliobaki na masomo ya kawaida. Sehemu ya maelezo ni kwamba wengi hawakuwa wakifanya mazoezi hayo nyumbani. Sioni la kushangaza hapo. Mtoto kaambiwa atulie peke yake, katika nyumba ambayo hakuna mwingine anayetulia na katika mji ambao kalenda yake haina siku hata moja ya kutulia.

Huko jambo hili lilikotoka, mtu haachwi peke yake namna hiyo. Taamuli ni sehemu moja tu ya njia yenye pande nane, na pande nyingine zinahusu usemi wa mtu, matendo yake na riziki yake. Mtawa wa madhehebu ya Theravada ana kanuni 227, na kila baada ya wiki mbili, mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama, watawa wa mahali pamoja hukutana kuzisoma zote kwa sauti. Aliyevunja kanuni hukiri. Raia wa kawaida ana mambo matano anayojifunga nayo: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutokulewa. Mtawa hapiki wala hahifadhi chakula. Kila asubuhi hubeba bakuli akapita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo akiharibika tabia, kijiji kizima kitajua, na bakuli litarudi tupu. Sri Lanka siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya kitaifa kila mwezi, na pombe haiuzwi. Yaani hata mlevi anasaidiwa na kalenda.

Mvuvi wa Kigoma akisoma hayo atacheka kidogo, kwa kuwa mwezi mpevu ni sikukuu yake pia, apende asipende. Uvuvi wa dagaa hapa hutegemea giza. Kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na kati yake hushushwa wavu. Taa zikiwashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi za betri na za umeme wa jua, vijidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, na migebuka hufuata dagaa. Mbalamwezi ikitoka taa hazina nguvu, samaki hutawanyika, na wavuvi hulala nyumbani siku kadhaa. Wakati huo nyavu hushonwa, mashine hutengenezwa, madeni hulipwa au hukopwa mapya. Mwili wa mji huu tayari unajua kutulia kwa zamu. Tofauti ni kwamba mapumziko yetu ya mwezi mpevu yamebaki likizo tupu. Hayana kikao, hayana kanuni inayosomwa, wala fursa ya mtu kusema hadharani kwamba juzi kokoro lilivutwa pembeni ya mazalia ya samaki aitwaye kuhe na wote tunajua ni la nani.

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla sijamaliza: Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu misafara ya karne ya 19, Mapadri Weupe waliingia hapa mwaka 1879, sasa Buddha wa nini? Mwenye kupinga hivyo ananisaidia hoja bila kukusudia. Tazama Ramadhani inavyoibadilisha Ujiji. Saa za biashara zinahama, mama lishe anahamishia jiko lake jioni, asiyefunga anakula kwa siri kwa heshima tu, na mtoto wa miaka minane anang'ang'ania kufunga nusu siku asionekane mdogo. Anayefunga Ujiji hamwogopi askari wa doria. Kujizuia kula kutwa nzima kwenye joto la pwani ya ziwa ni jambo gumu kuliko kuacha nyavu za macho madogo, lakini maelfu wanaliweza kwa sababu linafanywa na wote, lina mwanzo na mwisho unaojulikana, lina futari, na lina sikukuu. Kwaresima kwa Wakatoliki ina nguvu hiyohiyo. Wanazuoni wa Kiislamu wanafundisha kuihesabu nafsi kabla haijahesabiwa, na watu wa tarika ya Qadiria, ambayo ina mizizi mirefu Ujiji, hukaa pamoja katika zikiri. Kwa hiyo mtaji tunao. Kinachokosekana ni kuuleta mtaji huo ziwani. Mtu yuleyule anayechunga ulimi wake mwezi mzima anaweza kuvua kwa chandarua cha mbu wiki inayofuata bila moyo kumsuta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ziwa nalo limo ndani ya dini yake. Ninachokiona kwa Wabuddha ni kwamba kanuni yao ya utulivu ilizaliwa na malalamiko kuhusu mimea na viumbe wadogo. Kwao mambo hayo mawili hayajawahi kutengana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na anayelileta ana njaa. Uangalifu wa nafsi ni anasa ya walioshiba; mwenye watoto watano na madeni ya nyavu hawezi kutulia miezi mitatu. Na wanaoumia si wavuvi tu. Kufunga ziwa kunamkuta mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri pale Katonga, akawaanika kwenye chanja, akawageuza juani, akawafungasha kupeleka Mwanga sokoni na kuwapakia kwenye gari la Dar es Salaam. Yeye hana mtumbwi wala leseni, jina lake halimo kwenye orodha ya mtu yeyote, na Julai shule zinapofunguliwa sare na daftari vinamsubiri. Akiambiwa avute pumzi taratibu, ana haki ya kukasirika.

Buddha mwenyewe angekuwa upande wake. Kuna kisa katika maelezo ya kale ya mafundisho yake kuhusu mkulima maskini wa mji wa Alavi. Mkulima alitaka kwenda kumsikiliza, lakini ng'ombe wake alikuwa amepotea. Akamtafuta kutwa, akafika mkutanoni akiwa hoi kwa njaa. Buddha hakuanza kusema. Aliagiza kwanza mtu yule apewe chakula, watu wote wakasubiri mpaka aliposhiba, ndipo akafundisha. Baadhi ya watawa walinong'ona wakishangaa, naye akawajibu kwamba hakuna ugonjwa unaozidi njaa. Katika hotuba nyingine, iitwayo Kutadanta, anasimulia juu ya mfalme aliyesumbuliwa na wizi nchini mwake. Mshauri wake alimwambia kwamba kuua na kufunga watu hakutamaliza wizi, kwa sababu watakaobaki wataendelea. Wape wakulima mbegu na lishe ya mifugo, wafanyabiashara mtaji, watumishi ujira unaotosha, na watu wakishughulika na kazi zao nchi itatulia. Ushauri huo ungeweza kusomwa katika kikao cha bajeti Kigoma kesho asubuhi bila kubadilishwa neno.

Wala hatuhitaji kwenda India ya kale kuupata ushahidi. Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Baada ya miongo mitatu vilima vilivyoizunguka hifadhi vilikuwa vimebaki vipara kwa kukatwa miti. Mradi uliobadilisha hali ulianza mwaka 1994, ukaitwa TACARE, na haukuanza kwa kuwahubiria watu juu ya sokwe. Ulianza kwa kuwauliza wanavijiji wanahitaji nini, nao wakataja maji, afya, shule, chakula. Hayo yaliposhughulikiwa, vijiji vyenyewe vikatenga ardhi ya misitu yao, na miti ikaanza kurudi mahali ambapo makatazo peke yake yasingeotesha hata mche. Kwa ziwa maana yake ni kwamba miezi mitatu ya kufunga inaanza kuandaliwa Januari: mfuko unaochangiwa na halmashauri, wanunuzi wakubwa wa dagaa na wenye vipe wakati wa mavuno mazuri, orodha ya waanikaji na wabebaji iliyoandikwa na mtaa wenyewe, na kazi za mshahara wa siku kama kukarabati mialo na chanja ndani ya kipindi hichohicho. Serikali ikifunga ziwa bila hayo, inamhubiria mkulima wa Alavi kabla hajala.

Lipo pingamizi ambalo wapenzi wa Buddha hulikwepa, nami sitalikwepa. La kwanza katika yale mambo matano ni kutoua kiumbe hai, na miongoni mwa biashara ambazo mfuasi wake ameaswa kuziacha, pamoja na silaha, pombe na sumu, zimo za viumbe hai na za nyama. Kwa kipimo hicho Kigoma yote imo hatiani, kuanzia mvuvi hadi mlaji wa ugali kwa migebuka. Sikubaliani na kipimo hicho, na jamii nyingi za Kibuddha zenyewe hazikiishi kikamilifu. Wasri Lanka wanakula samaki, na pwani zao zina wavuvi. Lakini hata asiyekikubali anaweza kunufaika na swali lililo nyuma yake: riziki hii inamgharimu nani? Mwiba wa swali hilo ni mgumu kumezwa na wengi wetu. Kuhe, ambaye ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii yake duniani, hulinda vifaranga vyake, baba na mama pamoja, karibu na ufuko. Kokoro linapopita hapo linazoa wazazi na kizazi kijacho kwa mvuto mmoja. Huhitaji kuwa Mbuddha kuona kwamba kuna namna ya kuua samaki na kuna namna ya kuua uvuvi.

Mwingine atanikumbusha Myanmar, na atakuwa sahihi. Katika nchi hiyo yenye watawa kwa malaki, mwaka 2017 zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh wakinusuru maisha yao dhidi ya jeshi, na baadhi ya watawa walikuwa mstari wa mbele kuwachochea watu chuki. Sri Lanka nayo ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1983 hadi 2009. Kama taamuli ingetosha kumfanya mtu kuwa mwema, hayo yasingetokea. Kwangu hilo linathibitisha kwamba utulivu wa ndani, ukikosa majirani wanaoweza kumkosoa mwenye nao, hugeuka kujiridhisha. Mtawa aliyezungukwa na wanaomshangilia hana wa kumnung'unikia kama wale wanavijiji wa India.

Na ng'ambo? Hili ndilo linalosemwa sana mialoni: Kongo ina asilimia 45 ya ziwa, sisi 41, Burundi na Zambia zinagawana kilichobaki, tukitulia sisi, wenzetu watavuna tulichokiacha. Nisijifanye kwamba jibu ni jepesi. Dagaa na migebuka wa maji ya katikati hawana uraia, na bila nchi zote nne kushika tarehe zilezile, kupitia mamlaka ya pamoja ya ziwa iliyopo Bujumbura, sehemu ya jasho letu itaishia kwenye nyavu za wengine. Lakini si samaki wote wanaosafiri hivyo. Kaskazini-magharibi mwa Thailand, katika bonde la mto Salween, vijiji vya Wakaren vilitenga vipande vidogo vya mto na kupiga marufuku uvuvi ndani yake, huku wakiendelea kuvua juu na chini ya vipande hivyo. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2020 walilinganisha hifadhi 23 za namna hiyo na maeneo ya jirani yanayovuliwa. Ndani ya hifadhi aina za samaki zilikuwa zaidi kwa asilimia 27, na uzito wa samaki wote ulikuwa zaidi ya mara 20. Serikali haikuweka askari pale; wanakijiji wenyewe walilinda, na hifadhi nyingi zilikuwa jirani na makazi ambapo kila mtu anamwona kila mtu. Thailand kwa jumla ina desturi ya kutovua samaki mbele ya hekalu. Nani atatukataza Kigoma kuwa na kipande cha ufuko mbele ya mwalo, mbele ya msikiti au kanisa, ambacho mwaka mzima hakiguswi? Samaki wa miambani, ambao wengi wao hawapatikani kwingine popote duniani, hawavuki kwenda Kalemie, upande wa Kongo. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wanaotegemea mali ya pamoja huweza kuitunza pale wanapotunga kanuni wenyewe, wanapokaguana wenyewe, na adhabu inapoanza ndogo ikapanda kwa anayerudia. Tayari tuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi mialoni. Vingi vimefanywa kuwa macho ya ofisi, wakati vilipaswa kuwa kikao cha wenye ziwa.

Nikubali kuulizwa: sawa, kifanyike nini hasa? Ningependekeza tukope jambo moja mahususi, ambalo sijaliona kwingine likiwa limepangwa vizuri hivyo. Miezi mitatu ya watawa inapoisha, siku ya mwezi mpevu, hawaachani hivihivi. Hukusanyika, na badala ya kusoma kanuni zao kama siku nyingine, kila mmoja, akianza mkubwa kuliko wote, huinua mikono iliyounganishwa na kuwaomba wenzake wamweleze kosa lolote lake walilolisikia, walilolishuku, au waliloliona, kwa huruma, ili akilitambua ajirekebishe. Anaomba mara tatu. Kisha anayemfuata kwa umri wa utawa, hadi wa mwisho. Hakuna mshitaki. Kila mtu anaomba kukosolewa, na anayetangulia ni mkubwa, jambo linalomwondolea mdogo woga wa kusema.

Fikiria kikao cha Agosti 15 Kibirizi kikiendeshwa hivyo. Wamekaa wenye vipe, vibarua wao, akina mama wa dagaa, wanunuzi wa Mwanga, shehe, padri, mchungaji, mwenyekiti wa mtaa. Wa kwanza kusimama ni afisa uvuvi, naye anasema: kama katika miezi hii mitatu kuna mtu nimemwachia kokoro lake kwa sababu ya kitu kidogo, au nimemchomea nyavu mnyonge nikamkwepa tajiri, semeni nami nipo. Baada yake mwenye vipe vingi kuliko wote, ambaye vijana wake wanadaiwa kuwasha taa usiku wa Juni. Baada yake mnunuzi anayenunua dagaa wachanga na kulalamika kwamba ni wachanga. Mnyonge mwenye chandarua husimama mwisho, akiwa ameshaona kwamba wakubwa hawakusazwa. Wengine watasema maafisa hawatakubali kamwe, na huenda mwaka wa kwanza wasikubali. Basi mkuu wa wilaya aanze yeye, na orodha ya waliolipwa na mfuko wa kipindi hicho isomwe mbele yake jina kwa jina, kabla mtumbwi wa kwanza haujasukumwa majini jioni hiyo.